Kusoma digrii ya sayansi ya mazingira Uingereza: kwa wazazi na vijana wetu wa Afrika Mashariki

Mzazi mwenzangu, kama mtoto wako yupo mwaka wa 12 hapa Uingereza na kakwambia anataka kusomea sayansi ya mazingira, naomba usikimbilie kumwambia akasome unesi au sheria. Najua wasiwasi unatoka wapi, umepiga shifti za usiku, umelipia viza, umetuma hela nyumbani, na unataka uone mtoto anatoka chuo na kazi mkononi. Na wewe mdogo wangu unayesoma mwenyewe, haya ni yako pia. Hii ni digrii ya sayansi kamili, ina kemia, baiolojia, takwimu, udongo, maji na hewa, na faida yake baadaye inategemea sana kama umechagua kozi yenye maabara, fildi na kazi ya deta ya kutosha, au umechagua jina zuri tu kwenye tovuti ya chuo.

Ila kabla ya kozi tuongee ada, manake hapo ndipo familia zetu zinaumia sana na mara nyingi ni kwa kuchelewa kuuliza.

Chuo kitakuweka kwenye kundi moja kati ya mawili, kwenye barua wataandika 'home' (mwenyeji) au 'overseas' (mgeni). Kwa England ada ya mwenyeji mwaka wa masomo 2025/26 iliwekwa £9,535, na ya mgeni kwa kozi ya sayansi mara nyingi inapita £20,000 kwa mwaka, yaani tofauti yake kwa miaka mitatu ni kiwanja na nyumba kabisa. Sasa wengi wanadhani kwa sababu mtoto kasoma sekondari hapa bila kulipa basi na chuo atahesabiwa mwenyeji. Hapana. Wanaangalia hadhi ya uhamiaji na ameishi wapi. Kwa kawaida anatakiwa awe raia au awe na ukaazi wa kudumu kabla kozi haijaanza, na awe ameishi hapa miaka mitatu kamili kabla ya hapo. Kwa hiyo mtoto wa mtu aliyekuja kwa viza ya kea (kazi ya kuhudumia wazee na wagonjwa) mwaka 2022 au 2023, akifika miaka 18 familia bado haijapata ukaazi wa kudumu, anaweza kuandikiwa ada ya mgeni na mkopo wa serikali akaukosa vilevile. Na kuna wengine huwa hawajiandai kabisa kwa hili, mtoto ana pasipoti ya Uingereza lakini kakulia Nairobi au Muscat, anakuja hapa na miaka 18 akijua yeye ni raia, wanamwambia hujaishi hapa miaka mitatu, lipa kama mgeni.

Ipo njia nyingine ya waliokaa muda mrefu bila ukaazi wa kudumu. Aliye chini ya miaka 18 akiwa ameishi Uingereza miaka saba, au aliyefika 18 na ameishi hapa nusu ya maisha yake, anaweza kupata mkopo, na yote hiyo inataka awe na kibali halali. Waliopewa hadhi ya ukimbizi nao wana mlango wao na hawasubirishwi ile miaka mitatu kama wengine. Sheria za uhamiaji zinabadilika kila mara, kwa hiyo usitegemee alichokwambia binamu aliyesoma miaka kumi iliyopita, waulize UKCISA, shirika linaloshauri wanafunzi wa kigeni, ambao ushauri wao ni bure, alafu waandikie chuo chenyewe imeili ili uwe na jibu la maandishi. Na kama ukaazi wa kudumu unakuja mwakani, kaa na mtoto mzungumze kuhusu kusubiri mwaka mmoja, afanye kazi, ajifunze kuendesha gari (kazi nyingi za mazingira zinataka leseni), kuliko kuingia ada ya mgeni na kuishia katikati.

Mkopo wenyewe, kwa walioanza kuanzia Agosti 2023 huku England, unakatwa asilimia 9 ya kile kinachozidi £25,000 kwenye mshahara wa mwaka. Ukilipwa £30,000 unakatwa kama £37.50 kwa mwezi, ukiwa huna kazi hukatwi, na baada ya miaka 40 kilichobaki kinafutwa. Una riba, na najua kwa familia nyingi za Pwani na Zanzibar hilo ni jambo zito. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu serikali ilete mkopo usio na riba lakini mpaka naandika hii haujaanza kutolewa. Anayekwepa riba aangalie digrii za kazini, anaajiriwa, analipwa mshahara, na mwajiri pamoja na serikali wanalipia masomo, na kwenye mazingira zipo mpaka ngazi ya digrii. Nafasi ni chache na ushindani mkali, inabidi uanze kutafuta tangu vuli ya mwaka wa 13 na sio baada ya mitihani. Mnaoishi Scotland hesabu yenu ni nyingine kabisa, digrii ni miaka minne na ada ya mkaazi anayestahili inalipwa na SAAS, wakala wa serikali ya huko wa kusaidia wanafunzi, ila lazima uombe, haiji yenyewe.

Haya, tuje kwenye kozi.

Mtu atakutana na majina mengi yanayofanana, sayansi ya mazingira, usimamizi wa mazingira, jiografia, ikolojia, mabadiliko ya tabianchi, uendelevu. Angalia ndani. Fungua orodha ya moduli za mwaka wa kwanza na wa pili na utafute vitu vinne: kemia ya mazingira yenye maabara ya kweli, takwimu, GIS yaani ramani za kompyuta, na fildi. Ukiona kozi karibu yote ni sera na insha, hiyo ni kozi nyingine, sio mbaya, ila usitegemee itakuingiza kwenye kazi ya kupima maji au udongo. Kingine angalia kama kozi imethibitishwa na Institution of Environmental Sciences, chama cha wataalamu kilichoanza 1971, inasaidia baadaye ukitaka kutambuliwa rasmi kama mtaalamu wa mazingira.

Vyuo viko vingi. Chuo Kikuu cha East Anglia pale Norwich kilianzisha idara yake ya sayansi ya mazingira mwaka 1967, na mwaka 1972 kikaanzisha kituo cha utafiti wa hali ya hewa ambacho rekodi zake za joto la dunia zinatumika kila mahali. Lancaster, Leeds, Reading, Southampton, York na Plymouth nazo wanafunzi wanaziulizia sana. Lakini mimi sitakwambia nenda chuo fulani kwa jina lake. Kama mtoto anaweza kukaa nyumbani na kwenda chuo kilicho karibu chenye maabara nzuri, hela ya kodi ya chumba mtakayookoa peke yake ni maelfu ya pauni kwa mwaka, na mwajiri wa ripoti za udongo atauliza unajua kufanya nini.

Siku ya kutembelea chuo msiishie kuangalia mabweni. Ulizeni fildi ni siku ngapi, iko wapi na nani analipa, manake kuna vyuo fildi zote za lazima zimo ndani ya ada na vingine unalipia zile za nje. Na hapa kuna jambo letu sisi ambalo wenyeji hawalifikirii: fildi ikiwa Hispania au Ureno, mwanafunzi mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda au Congo anahitaji viza ya Schengen, na miadi ya viza inachukua muda. Uliza mapema kama kuna fildi mbadala ya ndani ya Uingereza inayohesabiwa maksi sawasawa, na kama chuo kitatoa barua. Nguo za mvua na buti nzuri nunueni, fildi ya Februari kwenye milima ya Wales sio mchezo na mtu aliyelowa hajifunzi kitu.

Masomo ya A-level, vyuo vingi vinataka angalau moja au mawili kati ya kemia, baiolojia, fizikia, hesabu na jiografia. Ushauri wangu ni kemia. Hata pale ambapo hawailazimishi, mtoto asiye na kemia anahangaika sana mwaka wa kwanza. Maombi yanapitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo, unachagua kozi hadi tano, na tarehe ya mwisho ya kawaida iko Januari lakini inahamahama, kwa kuingia 2025 ilikuwa tarehe 29 Januari, kwa kuingia 2026 ikawa tarehe 14, kwa hiyo angalia ya mwaka wako. Kuanzia wanaoingia 2026 ile barua binafsi ya kujieleza imegawanywa maswali matatu, kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na umefanya nini nje ya darasa. Hapo kwenye nje ya darasa watoto wetu wana mengi na hawayaandiki, kwa sababu wanaona ni mambo ya kawaida ya nyumbani. Umekaa likizo kwa bibi Ukerewe umeona magugu maji yamefunga mwalo, wavuvi hawatoki, hiyo iandike, alafu uende mbele useme magugu yanashamiri kwa sababu ziwa linapokea naitrojeni na fosforasi nyingi kutoka mashambani na maji taka ya miji. Msomaji wa fomu ataona umeangalia kitu na umeuliza kwa nini.

Wakati unasubiri majibu usikae bure. Pakua QGIS, programu ya ramani ya bure kabisa, na picha za setilaiti nazo ni bure, Landsat inapiga tangu 1972 na Sentinel-2 ya Ulaya inaonyesha mpaka mita 10. Chukua delta ya Rufiji au ghuba ya Gazi, linganisha mikoko ya miaka ya tisini na ya leo. Ukifika chuo na huo ujuzi pamoja na R (programu ya takwimu) kidogo, umeshawazidi wengi, na kusema kweli hizi hesabu za deta ndizo zinazowaangusha wanafunzi mwaka wa pili kuliko kitu kingine chochote.

Kazi sasa, swali la wazazi. Zipo Environment Agency ya England na wenzao wa Scotland na Wales, kampuni za maji, makampuni ya ushauri yanayopima ardhi iliyochafuliwa kabla ya ujenzi, na halmashauri zinazopima hewa. Tangu Februari 2024 sheria ya England inataka miradi mingi ya ujenzi iache bayoanuwai, yaani wingi wa viumbe na makazi yao, ikiwa imeongezeka angalau asilimia 10, na lazima mtu mwenye ujuzi aende shambani akahesabu mimea na makazi ya viumbe, ndiyo sababu wanaikolojia wanatafutwa. Mshahara wa mwanzo sio wa benki, tusidanganyane, lakini ni kazi za heshima na zinapanda. Kama kozi ina mwaka wa kazi katikati, chukua, kwa mwenyeji wa England ada ya mwaka huo haizidi asilimia 20 ya kawaida na wengi wanaajiriwa palepale walipofanyia.

Na ni kazi inayowagusa watu wetu moja kwa moja. Ella Adoo-Kissi-Debrah, mtoto wa miaka tisa wa Lewisham, familia yenye asili ya Ghana, alifariki Februari 2013 kwa pumu, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo akaandika uchafuzi wa hewa kuwa mojawapo ya sababu za kifo chake, ikiwa mara ya kwanza nchi hii. Ushahidi uliofikisha jambo pale ulitokana na vipimo vya hewa, yaani kuna mtu alikaa na mashine na takwimu. Angalia na kwetu, Owino Uhuru pale Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kikawatia watu sumu ya madini ya risasi, mwanaharakati Phyllis Omido akapambana, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Bila vipimo vya damu na udongo kesi hiyo ingebaki kuwa malalamiko.

Ndio maana tesi, yaani utafiti wako wa mwaka wa mwisho, naisisitiza sana. Usichukue mada ya kwanza uliyopewa. Mradi wa Mikoko Pamoja pale Gazi, Kwale, ambapo wanakijiji wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza kaboni yake (yaani wanalipwa kwa hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko hiyo), hela ikaenda kwenye maji na shule, ilijengwa na wanakijiji, watafiti wa KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, na wa Chuo Kikuu cha Edinburgh Napier, kwa hiyo daraja kati ya vyuo vya hapa na Pwani yetu lipo tayari. Ukitaka kukusanya deta nyumbani anza mwaka mzima kabla, chuo kitataka fomu ya usalama na ya maadili, Kenya utahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, Tanzania ongea na COSTECH (hizo ni tume za sayansi na teknolojia), na usibebe udongo au maji kwenye begi kurudi nayo hapa bila kibali. Nafuu zaidi ni kutumia picha za setilaiti na deta zilizopo, nauli unabaki nayo.

Anayefikiria kurudi, Tanzania digrii ya nje inatambuliwa kupitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, na kufanya tathmini za athari kwa mazingira unajisajili kwa wasimamizi wa mazingira wa nchi, Tanzania ni NEMC, Kenya ni NEMA. Tunza maelezo ya moduli zote ulizosoma, sio cheti peke yake, kwa sababu wanaweza kuuliza umesoma nini hasa.

Na dada na kaka zangu mliovuka umri, mnaofanya kea au udereva na mlikuwa mnaipenda sayansi, nafasi yenu ipo. Diploma ya Access, ya kuwaandaa watu wazima kuingia chuo, inachukua mwaka mmoja kwa wengi na ukimaliza digrii baada ya hapo mkopo wa ile Access uliobaki unafutwa. Open University inafundisha sayansi ya mazingira kwa mbali, kwa kawaida haidai vyeti vya kuingilia, na unaweza kusoma nusu muda ukiwa kazini. Ukichukua njia hiyo mweleze meneja wako mapema tarehe za mitihani na za kuwasilisha kazi za chuo, alafu zile saa za kusoma zipangie ratiba kabla ya kupokea shifti za ziada.