Namna ya Kuzisoma Barua za Abigail Adams katika Kikundi

Kikundi chetu cha kusoma hukutana Jumamosi alasiri hapa Kisumu, na kwa miezi kadhaa sasa tumekuwa tukizisoma barua za Abigail Adams, mke wa John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani. Wengi wetu tulimjua kwa sentensi moja tu, ile ya mwaka 1776 inayomtaka mumewe awakumbuke wanawake katika sheria mpya zitakazotungwa, na ambayo hurudiwa kwenye mabango kila ifikapo tarehe 8 Machi. Sentensi hiyo ni ya kweli na ina uzito wake, lakini ukiing'oa kutoka kwenye barua yake unabaki na kauli ya jukwaani, ilhali iliandikwa na mama mwenye watoto wanne wadogo, aliyeachiwa shamba, madeni na vita vya kudai uhuru kutoka kwa Uingereza, ambaye katika barua hiyo hiyo anaihofia ndui na kumweleza mumewe jinsi nyumba yao ya Boston ilivyoachwa chafu na daktari wa kikosi cha Waingereza. Maelekezo haya ni ya mtu anayetaka kuzisoma barua hizi zikiwa barua, si zikiwa hazina ya nukuu.

Kuzipata si kazi. Jumuiya ya Historia ya Massachusetts, iliyoko Boston, imeziweka kwenye intaneti bila malipo, picha ya kila karatasi pamoja na maandishi yake yaliyochapwa upya. Picha hula bando haraka, kwa hiyo fungua maandishi kwanza, kisha tafuta picha ya barua moja au mbili tu ili wenzako wauone mwandiko wenyewe. Sisi huchapisha nakala mbili saiba na kuzipitisha mkono kwa mkono. Usijaribu kuzimaliza: barua zilizosalia kati ya mume na mke peke yake ni zaidi ya 1,100, kuanzia uchumba wao mwaka 1762 hadi 1801, na bado kuna zile alizowaandikia dada zake, watoto wake na marafiki.

Anza na barua nne zinazojibizana. Ya kwanza ni ya Abigail kwa John, tarehe 31 Machi 1776. Ya pili ni jibu la John la tarehe 14 Aprili, ambamo anasema kwamba hana budi kucheka. Ya tatu ni ile ambayo Abigail alimwandikia rafiki yake, mwandishi Mercy Otis Warren, tarehe 27 Aprili, akimsimulia jibu hilo la mumewe. Ya nne ni jibu lake kwa John la tarehe 7 Mei. Zisome kwa mfululizo huo, kwa sauti, msomaji mmoja akiwa Abigail na mwingine John. Kikundi kinachosoma barua ya kwanza peke yake huondoka kikidhani kwamba mwanamke huyu alitoa hoja na mambo yakaishia hapo. Kinachosoma zote nne huona kwamba alichekwa, akamwendea mwanamke mwenzake kumweleza, kisha akamrudia mumewe na kumwambia kwamba hawezi kuuita ukarimu msimamo wa wanaume wanaotangaza amani na uhuru kwa mataifa yote huku wakishikilia mamlaka kamili juu ya wake zao.

Kabla ya kuendelea, chora kalenda ya safu mbili kwenye daftari: tarehe barua ilipoandikwa na tarehe jibu lake lilipoandikwa. Kazi hii huonekana ya kikarani, lakini ndiyo iliyotufungua macho kuliko nyingine zote. Abigail alikuwa Braintree, kijiji kilicho kusini mwa Boston ambacho sehemu yake ilikuja kuitwa Quincy, naye John alikuwa Philadelphia kwenye Kongresi, baraza la wajumbe wa makoloni, mbali kuliko kutoka hapa Kisumu hadi Nairobi, na barua ilibebwa na farasi au na msafiri aliyeaminika. Jibu la wiki mbili lilikuwa la haraka. John alipokwenda Ufaransa mwaka 1778, barua zilivuka bahari iliyojaa manowari za adui, na kukaa miezi bila neno lilikuwa jambo la kawaida. Ukishaiona kalenda hiyo utaelewa kwa nini barua moja inalalamika kuwa mume haandiki, na inayofuata inaomba radhi: yake ilikuwa njiani muda wote huo.

Katika upande huu wa Kenya hatuhitaji kuelezwa sana hali hiyo. Nyanya yangu alibaki Vihiga na shamba, ng'ombe na watoto, babu akifanya kazi Nakuru, na barua zao zilipitia sanduku la posta la shule ya msingi, zikakaa kwa mwalimu mkuu mpaka mtoto atumwe kuzichukua. Tulipofika kwenye barua ambamo Abigail anaeleza uhaba wa vibarua wa shambani na bei zao zilizopanda kwa sababu ya vita, hakuna aliyeuliza maswali. Mtumie msomaji wa aina hiyo katika kikundi chako, kwa sababu anaijua habari hii kutoka ndani.

Kisha fuata fedha. Hatua hii ni muhimu mno, na ndiyo ambayo wasomaji wengi huiruka wakikimbilia siasa. Paundi yao ilikuwa na shilingi 20, na shilingi ilikuwa na peni 12, si senti 100 kama yetu, kwa hiyo andika hesabu hiyo juu ya ukurasa. Mwezi Juni 1775, wakati jeshi la Waingereza likiwa Boston, Abigail anamwomba John amtafutie pini za kushonea, kwa sababu zile zilizokuwa zikinunuliwa kwa shilingi 7 na peni 6 sasa ni shilingi 20 na hata hivyo hazipatikani. Ombi la pini ni taarifa kamili ya vita: bandari imefungwa, bidhaa za Uingereza haziingii, na nguo za watoto wanne hazingoji Kongresi ikate shauri.

Barua ya tarehe 31 Julai 1777 inastahili kikao kizima. Ndani yake Abigail anamsimulia mumewe jinsi wanawake wa Boston, wapatao mia moja kwa kadiri alivyoambiwa, walivyomwendea mfanyabiashara tajiri aliyekuwa na kahawa ghalani na ambaye alikataa kuiuza chini ya shilingi 6 kwa ratili. Walikwenda na mkokoteni, wakamtaka awape funguo, akakataa. Mmoja wao akamkamata shingoni na kumtupa mkokotenini, na alipoona kwamba hana njia akazitoa. Wakafungua ghala, wakaipakia kahawa wenyewe, wakaenda zao, huku umati wa wanaume ukiwa umesimama kimya ukitazama. Mwenzetu anayeuza nafaka Kibuye aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: je, Abigail anawaunga mkono? Tuliisoma tena sentensi kwa sentensi. Hasemi kwamba walifanya vyema wala vibaya, lakini anamwita yule mwenye ghala tajiri bahili, na anataja kwamba hana mke. Uamuzi wake umo katika sifa alizochagua, na namna hii ya kutoa hukumu bila kuitangaza ndiyo unayopaswa kuifundisha macho yako kuitafuta.

Barua hiyo inaleta pia tahadhari. Abigail hakuwapo ghalani, bali alisimuliwa, na uvumi kwamba yule mtu alichapwa anautaja na kusema kwamba haamini kuwa ni kweli. Chukua penseli na uweke alama pembeni: hapa alishuhudia, hapa aliambiwa. Mwanzoni mwa Machi 1776 aliketi mwenyewe juu ya kilima cha Penn's Hill akisikiliza mizinga. Hilo ni ushahidi wake. Habari ya kifo cha Daktari Joseph Warren katika vita vya Bunker Hill, aliyoiandika tarehe 18 Juni 1775, ilimfikia kwa mdomo. Mnamo 18 Julai 1776 alikuwa Boston, ambako alikuwa amekwenda na watoto kuchanjwa ndui, na alisimama katika umati uliosikiliza Tangazo la Uhuru likisomwa, kisha akaandika siku tatu baadaye.

Jiulize pia, kwa kila barua, ni nani mwingine angeweza kuisoma. Katika kiangazi cha 1775 barua mbili za John, mojawapo ikiwa aliyomwandikia Abigail, zilinaswa na Waingereza na kuchapishwa gazetini ili kumwaibisha. Tangu hapo wote wawili waliandika wakijua kwamba bahasha si ukuta. Jina Portia, ambalo Abigail alilitumia kutia sahihi kwa miaka mingi, usilichukue kuwa la mtu mwingine: ni jina la mke wa Brutus, mwanasiasa wa Roma ya kale, na kwa kulichagua alikuwa akijieleza yeye ni nani katika ndoa ile. Mfano bora wa mpaka kati ya la siri na la wazi ni barua ya tarehe 21 Novemba 1800 kwa binti yake, alipokuwa ameingia punde katika nyumba ya rais huko Washington. Anamweleza kwamba nyumba haijakamilika na kwamba ukumbi mkubwa wa kupokea wageni ameufanya mahali pa kuanikia nguo, kisha anamwagiza ayaweke hayo moyoni, na akiulizwa aseme kwamba mama ameandika kuwa mahali ilipo nyumba ni pazuri.

Zipo barua za kusomwa polepole, pasipo haja ya uchambuzi. Mnamo Julai 1777 Abigail alikuwa mjamzito, John akiwa Philadelphia, na usiku mmoja alipatwa na mtetemeko uliomfanya ahofu kwamba mtoto amekufa tumboni. Alimwandikia mumewe tarehe 9, na tena tarehe 10 usiku huku uchungu ukiwa umeanza. Mtoto wa kike alizaliwa akiwa amekwisha kufa, na barua ya tarehe 16 inatoa habari hiyo kwa maneno machache, ikitanguliza shukrani kwamba mama amepona. Kikundi chetu kilikaa kimya baada ya kuisoma, na nilijifunza kutokiharakisha.

Usimfanye mtakatifu. Mwaka 1774 aliandika kwamba anatamani kusiwe na mtumwa hata mmoja katika jimbo lao, na katika barua ile ile maarufu ya 1776 anatilia shaka upendo wa uhuru wa watu wa Virginia waliozoea kuwanyima wenzao uhuru huo. Mnamo Februari 1797 alimsimulia John jinsi alivyomtetea James, kijana Mweusi aliyekuwa mtumishi wao, baada ya jirani kulalamika kwamba amepelekwa shule ya jioni. Hata hivyo alikuwa amelelewa katika nyumba ya mchungaji aliyemiliki watumwa, na Phoebe, aliyekuwa mmoja wao, hakuachiwa huru mpaka baba yake Abigail alipofariki mwaka 1783. Wekeni barua hizo na ukweli huo mezani kwa pamoja, na mwacheni kila msomaji aseme analoliona.

Neno kuhusu kutafsiri, kwa kuwa barua ni za Kiingereza na mazungumzo yetu ni ya Kiswahili. Tulibishana sana juu ya nani hasa John alitakiwa awakumbuke: mabibi, wanawake au akina mama? Kwetu bibi ni mke wa mtu, na akina mama ni jina ambalo wanasiasa huliita kundi wanaloliomba kura. Tukakubaliana na wanawake. Ugumu mkubwa zaidi ulikuwa katika jibu la John, anapowahesabu watoto, vijana wa kazi, wanafunzi, Wahindi (yaani wenyeji wa asili wa Marekani) na Weusi kuwa wameanza kuwa wakaidi, kisha akasema kwamba barua ya mkewe ndiyo ya kwanza kumdokezea kwamba lipo kabila jingine, kubwa na lenye nguvu kuliko yote, ambalo halijaridhika. Nilitaka kuandika kundi, maana neno kabila katika nchi yetu limebeba machozi ya watu, hasa kwetu tuliokuwa hapa mjini baada ya uchaguzi wa 2007. Mwenzangu mmoja alikataa, akasema kwamba mzaha wa John unategemea neno hilo hilo na kwamba tukililainisha tutamficha. Tuliliacha lilivyo, na naamini alikuwa na haki. Mwanzo wa barua ulitupa raha zaidi: waliitana rafiki mpendwa kuliko wote, nasi tunaojua kuanza kwa salamu ndefu na kusema dhumuni la barua hii ni hili na lile, tulishangaa jinsi Abigail anavyoingia moja kwa moja kwenye lililomjaa moyoni.

Malizeni mfululizo kwa wosia alioandika mwaka 1816, miaka miwili kabla ya kifo chake. Sheria ya wakati ule haikumruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali yake mwenyewe, lakini kwa miongo kadhaa alikuwa ameuza vitambaa na vyombo ambavyo John alimpelekea kutoka Ulaya, akanunua hati fungani za serikali, na mwishowe akaigawa mali hiyo, karibu yote kwa wanawake wa ukoo na wa nyumbani mwake. Ukiwa umezifuata fedha tangu zile pini za 1775, karatasi hiyo utaisoma kama barua ya mwisho.

Kwa kikao kinachofuata, mwombe kila mmoja alete barua moja ya nyumbani kwao, kwa idhini ya mwenyewe kama yu hai. Ikiwa haina tarehe, isome mihuri ya posta kwenye bahasha na uandike tarehe hiyo kwa penseli, si kwa kalamu ya wino, nyuma ya karatasi kwenye kona. Kisha muulize mzee wa nyumba ni nani aliyeishika kalamu, kwa sababu ya nyanya yangu iliandikwa na mtoto wa darasa la sita, na mahali ambapo mtoto huyo alishindwa na neno, ameacha nafasi.