Kupima swichi za jeni kwenye seli za gegedu: kuanzia mguu wa ng'ombe hadi PCR

Seli ya gegedu hudumu kuwa gegedu pale tu jeni ya SOX9 inapoendelea kusomwa. Protini yake hushika DNA kwenye vipande vya kuchochea vya COL2A1 na ACAN, SOX5 na SOX6 zikiisaidia, ndipo kolajeni ya aina ya pili na agrekani zitengenezwe. Kiasi nacho kina uzito: binadamu mwenye nakala moja tu ya SOX9 inayofanya kazi huzaliwa na kampomeliki displasia, ugonjwa wa kupinda mifupa mirefu uliohusishwa na jeni hii mwaka 1994. Hata jeni yenyewe ikiwa nzima, DNA ikikatika umbali wa zaidi ya herufi milioni moja kutoka SOX9 inaweza kuleta taya dogo na kaakaa lililopasuka, kwa kuwa swichi zake ziko mbali hivyo.

Mwongozo huu ni wa maabara yenye kabati safi la kazi, inkubeta ya CO2 na mashine ya PCR ya kupima kiasi (hunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kijulikane kilikuwa kingi kiasi gani). Ukiufuata utaweza kujua kama seli zako bado ni gegedu, zimelegea na kufanana na seli za kovu, au zinaelekea kuwa mfupa.

Hatua ya 1: Pata mguu unaofaa

Makongoro ya machinjioni yanatosha, lakini agiza yasibabuliwe wala kutiwa maji ya moto. Moto wa kuondoa manyoya huua seli za gegedu kabla hujafika maabara. Chukua mguu wa mbele wenye kiungo cha juu ya kwato ambacho hakijafunguliwa, uusafirishe kwenye barafu na uanze kazi ndani ya saa 24. Chuna ngozi kwanza, paka ethanoli ya 70%, badilisha kisu, ndipo ufungue kiungo. Ute ukiwa na damu au mawingu, tafuta mguu mwingine.

Kwangua vipande vyembamba vya gegedu jeupe. Usifike kwenye mfupa: tabaka la chini kabisa lina COL10A1 yake (jeni ya gegedu linaloelekea kuwa mfupa), na seli za mfupa zitakuletea COL1A1 (kolajeni ya mfupa na kovu) na RUNX2 (jeni inayoongoza utengenezaji wa mfupa) ambazo utashindwa kuzieleza baadaye. Kipande kimoja kigandishe papo hapo kwenye naitrojeni ya maji. Hicho ndicho kipimo cha siku sifuri, na bila hicho namba zako zote zitakosa pa kuegemea.

Hatua ya 2: Toa seli

Osha vipande mara 3 kwa bafa yenye penisilini 100 U/ml, streptomaisini 100 µg/ml na amfoterisini B 2.5 µg/ml. Kwa kila gramu 1 tumia ml 10 za pronesi (kimeng'enya cha kukata protini) ya 2 mg/ml, saa 1 kwa 37°C huku ukitikisa polepole. Mwaga, kisha weka kolajenesi (kimeng'enya cha kukata kolajeni) ya aina ya II ya 1 mg/ml pamoja na seramu 5%, saa 14 hadi 16. Chuja kwa wavu wa µm 70, osha, hesabu kwa tripani bluu (rangi inayoingia seli zilizokufa tu). Seli hai zikiwa chini ya 90%, mara nyingi kimeng'enya kimekaa mno au mguu ulichelewa.

Hatua ya 3: Gawa makundi

Panda sehemu ya seli kwenye flaski, 20,000 kwa kila cm², kwenye DMEM (kioevu cha kulishia seli) yenye seramu 10%. Zihamishie flaski mpya kila zinapojaa, hadi mara ya tatu. Zitabadilika mbele ya macho yako: kutoka duara hadi bapa na ndefu. Nyuzi za aktini zinapovutika, COL2A1 hushuka na COL1A1 hupanda. Hilo ndilo kundi la "waliopotea", na unalihitaji kwa kulinganisha.

Seli nyingine, za mwanzo na za uhamisho wa tatu, tengenezea vidonge (mabonge madogo ya seli). Weka seli 250,000 katika ml 0.5 kwenye tyubu ya polipropilini ya ml 15, zungusha kwa 500 g dakika 5, legeza kifuniko ili hewa ipite, na usiiguse kwa saa 24. Chakula hakina seramu: DMEM ya glukosi 4.5 g/l, deksamethasoni 100 nM, askobeti-2-fosfeti 50 µg/ml, prolini 40 µg/ml, piruveti 1 mM, ITS (insulini, transferini na seleniamu) 1%, na TGF-β3 (protini inayochochea seli kutengeneza gegedu) 10 ng/ml. Badilisha kila baada ya siku 2 au 3 hadi siku ya 21. Acha kundi moja bila TGF-β3.

Kidonge kikisambaratika, ulikigusa mapema au seli zilikuwa nyingi mfu. Kikibaki kidogo na laini ilhali TGF-β3 ipo, shuku TGF-β3 yenyewe. Hunata kwenye kuta za plastiki isipochanganywa na albumini, na haivumilii kugandishwa na kuyeyushwa mara kwa mara.

Hatua ya 4: Toa RNA

Hapa ndipo wengi hukwama. Gegedu lina seli chache na proteoglikani tele, nazo hushuka pamoja na RNA na kuzuia PCR. Unganisha vidonge 3 au 4 kwa sampuli moja na uviponde vizuri ndani ya ml 1 ya kimiminika cha fenoli na guanidini. Kipande cha siku sifuri kisagwe kikiwa bado kimeganda. Baada ya klorofomu, usitumie isopropanoli peke yake: weka ml 0.25 za isopropanoli na ml 0.25 za chumvi kali (sodiamu sitreti 0.8 M na NaCl 1.2 M). Chumvi huacha proteoglikani majini, RNA ikashuka.

Uwiano wa mwanga unaonyonywa kwenye nm 260 na nm 280 (260/280) uwe karibu na 2.0. Ule wa 260/230 ukiwa chini ya 1, usisonge mbele. Shusha RNA upya na uioshe kwa ethanoli ya 75%. Ondoa DNA kwa DNesi, kisha geuza ng 500 za RNA kuwa cDNA (nakala yake ya DNA).

Hatua ya 5: PCR

Praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha PCR pa kuanzia) ziwe za ng'ombe; za binadamu zinaweza kukataa kimyakimya. Pima SOX9, COL2A1, ACAN, COL1A1, RUNX2, COL10A1, pamoja na MMP13 na ADAMTS5 (jeni za vimeng'enya vinavyobomoa gegedu), kila praima ikiwa na ufanisi wa 90 hadi 110%. Kwa jeni za kulinganishia (zisizotakiwa kubadilika kati ya makundi), epuka kutegemea GAPDH peke yake: oksijeni ikipungua, protini ya HIF-1 huipandisha, na ndani ya kidonge oksijeni hupungua. Jaribu RPL13A na TBP. Weka pia kisima kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA, ili uone kama kuna DNA iliyobaki.

Hatua ya 6: Soma namba kwa pamoja

SOX9 peke yake hudanganya. Ukiikuta ipo lakini COL2A1 imezama, huenda protini ni kidogo, haiko kwenye kiini, au DNA ya COL2A1 imefungwa, pima protini. COL10A1, RUNX2 na MMP13 zikipanda pamoja, seli zinavimba kuelekea mfupa. Kwenye sahani ya ukuaji ya mtoto (gegedu karibu na ncha za mifupa, mfupa unaporefukia) hilo ni jambo la kawaida, na PTHrP, protini ya kupeleka ujumbe kati ya seli, ndiyo hulichelewesha kupitia protini nyingine, HDAC4. Kwenye kiungo cha mtu mzima ni dalili mbaya. MMP13 na ADAMTS5 zikipanda bila COL10A1, fikiria uvimbe au uchafu wa bakteria kwenye chakula.

Hatua ya 7: Thibitisha chanzo

Namba zinazopanda pamoja hazithibitishi kwamba moja inaiongoza nyingine. Zima SOX9 kwa siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachozima jeni) ya ng'ombe, 20 hadi 50 nM, pamoja na siRNA isiyolenga jeni yoyote. Fanya hivyo seli zikiwa bado bapa na chakula kikiwa bila antibiotiki. Ndani ya kidonge kilichokomaa siRNA haipenyi. Pima mRNA baada ya saa 48 na protini baada ya saa 72. SOX9 ikishuka na COL2A1 isitikisike, angalia kwanza kama protini ya zamani bado ipo.

Kwa upande wa ugonjwa, weka IL-1β (protini inayochochea uvimbe) 10 ng/ml kwenye vidonge vya siku ya 14 kwa saa 24. NF-κB, protini inayowasha jeni za uvimbe, itaamka, MMP13 ipande, COL2A1 na ACAN zishuke. Zisipoitikia, huenda IL-1β yako imekufa. Fungua chupa mpya kabla ya kulaumu seli.