Kabla ya Kwenda Matangani na Mtoto Mwenye Kisukari

Simu ikipigwa kwamba kuna mazishi nyumbani Siaya, baada ya kutoa pole mimi huuliza chakula kitatoka saa ngapi. Wengine hushangaa. Mwanangu ana miaka 9 na kisukari chake ni cha aina ya kwanza: kongosho lake halitoi insulini, kwa hiyo tunamdunga asubuhi na jioni ile ya mchanganyiko wa ya haraka na ya polepole, yenye rangi ya maziwa. Sehemu yake ya polepole hushika nguvu kati ya masaa 4 na masaa 10 baada ya sindano. Sindano ya alfajiri, basi, inafanya kazi kwa nguvu mchana, iwe imekuta chakula tumboni au haijakuta. Na matangani, hotuba zikirefuka, sahani huja jioni.

Safari yetu ya kwanza sikulijua hilo. Nilimkuta chini ya mwembe ametota jasho, anatetemeka, jina la shangazi yake limemtoka kichwani. Mashine ya kupima ilisoma 2.8 mmol/L: sukari ya damu ilikuwa imeshuka mno. Chini ya 4 ni hatari.

Tangu siku hiyo hatutoki Kisumu bila chakula chake cha mchana kwenye bakuli lenye kifuniko: viazi vitamu au chapati moja, yai, ndizi. Pia humpigia simu mmoja wa akina mama watakaopika, nikamweleza kwamba huyu mtoto akichelewa kula anaugua, nikamwomba ampakulie mapema. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Njiani nako bakuli likae miguuni petu. Matatu ikisimama Luanda kungoja abiria, mzigo ulio juu ya gari hausaidii.

Sukari ya kumwokoa ikae mfukoni mwake na nyingine kwenye mkoba wangu. Kwa umri wake tunatumia vijiko 3 vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu ya chupa ya soda ya mililita 300, ile yenye sukari. Mtoto mdogo zaidi hupewa kidogo zaidi, na kipimo chake kiulizwe kliniki kabla ya safari. Unangoja dakika 15, unapima tena, na kama bado iko chini ya 4 unarudia. Ikipanda, apate kitu cha kukaa tumboni. Mandazi na chokoleti si dawa ya dharura, kwa sababu mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akizimia, usimmiminie chochote mdomoni. Mlaze kwa ubavu na umkimbize hospitali. Kwa hiyo jua mapema hospitali iliyo karibu ni ipi na nani ana gari.

Nyumbani kutakuwa na wanaompenda kwa vyakula. Nyanya atasema ugali umekatazwa ila asali haina neno. Ni kinyume. Ugali anakula, kiasi kile kile alichozoea, pamoja na osuga (mboga ya mnavu), omena au samaki. Asali ni sukari. Juisi ya maembe na miwa pia, na uji wa wimbi, kwa kuwa ni wa kunywa, hupandisha haraka kuliko watu wanavyodhani. Huwa nazungumza na nyanya kwa heshima, pembeni, kabla mtoto hajafikiwa na kikombe.

Lipo pia la mitishamba na maneno ya chira, ile laana ya kuvunja mila. Hapo sibembelezi. Mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini hufa, na hata akiwa anatapika sindano haiachwi. Sukari ikipita 14 huku anatapika, anahema kwa nguvu, na pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva sana, hapo ni hospitali mara moja.

Insulini isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Kama hakuna friji, ifunge kwenye mfuko usiopenya maji, uiweke ndani ya mtungi wa udongo unaolowanishwa. Mwaka 2021 Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliofuata joto la kambi ya Dagahaley, Dadaab: insulini iliyokaa kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki 4 haikupoteza nguvu. Habari hiyo ilinipunguzia hofu nyingi. Chukua stripu za kupimia sukari na sirinji za siku mbili zaidi ya ulizopanga, maana mazishi huongezeka siku.

Usiku ndio nauangalia zaidi. Atakuwa amecheza na binamu zake mchana kutwa, na mwili uliokimbia huendelea kushusha sukari hata usingizini. Nampima kabla ya kulala; ikikaribia 5 nampa maziwa na kipande cha mkate. Kisha naweka kengele ya simu saa nane usiku, nampima tena kwa mwanga wa tochi.