Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuomba Shahada ya Uzamili Ukiwa Mwanza

Maombi mengi ya uzamili na uzamivu huharibikia kwenye karatasi, miezi mingi kabla ya tarehe ya mwisho. Fuatilia mapema cheti chako na nakala rasmi ya matokeo ya miaka yote, na kila unapoandika GPA taja na kipimo chake. Vyuo vyetu hupima kwa 5, ambapo kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu. Vyuo vya Marekani hupima kwa 4, kwa hiyo 3.8 isiyo na maelezo itakupandisha kwa uongo usioukusudia, na 4.2 itamwacha msomaji wa maombi asijue ashike lipi. Ukihitaji mtihani wa Kiingereza, kumbuka kwamba matokeo ya IELTS na TOEFL hukubalika kwa miaka 2 tu.

Barua za mapendekezo zinataka muda kuliko vyote. Mhadhiri aliyekufundisha Malimbe au Bugando miaka minne iliyopita amefundisha mamia ya wengine tangu hapo, na ukimwomba barua siku tatu kabla ya tarehe, atakuandikia mistari ambayo ingemfaa mwanafunzi yeyote. Mpe wiki sita. Mtumie wasifu wako, kichwa cha utafiti wako wa mwaka wa mwisho na maelezo ya kozi unayoiomba, kisha umkumbushe kwa adabu. Akinyamaza, panda daladala ukamwone ofisini, kwani kwa niliyoyaona, "Shikamoo, Daktari" ya mlangoni huzaa matunda kuliko jumbe tano za simu.

Ukiitwa kwenye usaili kwa njia ya mtandao, anza na saa. Saa za Uingereza hurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba na kusogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi, ilhali zetu hazibadiliki. Usaili wa saa 4 asubuhi ya London huwa saa 6 mchana kwetu katikati ya Oktoba, lakini katikati ya Novemba huwa saa 7. Mimi sikulijua hilo, na Novemba moja nilikaa chumbani Kirumba saa nzima nimevaa koti, nikitazama kioo cha kompyuta kisicho na mtu, nikiamini kwamba nimeshatupwa. Ingekuwa Aprili, nikaongozwa na hesabu ya Novemba, ningewakuta wasaili wamekwishaondoka.

Wasaili walipotokea, mvua ya vuli ilianza kugonga bati na sauti yangu ikamezwa. Tangu hapo namshauri kila mwombaji atafute chumba chenye dari, hata kama ni ofisi ya rafiki, ahakikishe LUKU ina umeme wa kutosha na kompyuta imejaa chaji, na aweke bando kwenye laini mbili za mitandao tofauti, kwa kuwa umeme ukikatika, simu ndiyo itakayombeba.

Kuhusu majibu yenyewe, jiandae kueleza utafiti wako kwa dakika mbili bila kusoma. Kama uliwahoji wauza dagaa pale Mwaloni, ujue ulihoji wangapi, uliwachaguaje, na leo ungebadilisha nini. Swali hilo la mwisho ndilo huwakwamisha wengi, kwa sababu tumezoea kuutetea utafiti na hatujazoea kuukosoa.

Jambo ambalo watu hawaliandai kabisa ni kukataliwa, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Panga kabla ya kutuma. Waambie watu wachache, maana ukishatangaza mtaa mzima, kila jirani atakuuliza "Safari lini?" na utalazimika kulirudia jibu lilelile la kuumiza hadi Krismasi. Usiache kazi kwa sababu ya barua ambayo haijafika. Omba pia chuo cha nyumbani, kama Dar es Salaam au Sokoine, kwa bidii ileile.

Jibu la hapana likija, huwa ni mistari michache isiyotaja sababu, na sababu mara nyingi ni kwamba msimamizi hana nafasi au fedha zimekwenda kwa wengine. Linauma kweli, na si udhaifu kulia. Usijibu siku hiyo. Ukiwekwa kwenye orodha ya akiba Marekani, usikate tamaa kabla ya Aprili 15, tarehe ambayo vyuo vingi vya huko huwapa waliopata ufadhili kuwa mwisho wa kujibu, kwa kuwa wanaokataa hufungua nafasi. Waarifu pia walimu walioandika barua, jibu liwe zuri au baya, kwa sababu nao wanasubiri, na ni haohao utakaowaendea tena Agosti.