SOMO: Kutumia shiti (ramani ya karatasi) ya 1:50,000 pamoja na GPS

Wakuu, kila mara inbox ni lilelile, "mbona GPS inaniweka ng'ambo ya mto na mimi nipo huku?" Naandika mara moja hapa.

1. Soma pembezoni: mwaka, skeli, ufunguo.

2. Sentimita 2 ni kilomita 1. Eneo ni hesabu nyingine, sentimita ya mraba moja ni kilomita za mraba 0.25, sio 0.5.

3. Namba za gridi: anza za mashariki, ndo uje za kaskazini.

4. Kontua (mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa) zikibanana ni mteremko mkali. Zikivuka mto zinachora V, ncha inaelekea mto unakotoka.

5. DATUM. Hapa ndo watu wanaumia. Dunia sio tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwahiyo wapimaji huchagua umbo la kihesabu la kuiwakilisha na mahali pa kuliegemeza (hiyo ndo datum), na sio wote walichagua moja. Shiti za zamani za Tanzania na Kenya ni Arc 1960, simu yako ni WGS84. Namba zinafanana kwa sura ila ukizipachika hivihivi unahama kama mita 300, yani kisima kinachimbwa shambani kwa mtu! Ingia settings za GPS, weka Arc 1960, halafu simama darajani au njia panda inayoonekana kwenye shiti uhakikishe. Ukimaliza RUDISHA WGS84. Na ukimtumia mtu koodineti (namba za mahali) andika datum pembeni, kila mara.

MASWALI

Mchimba_visima: Mkuu kilomita 1 ni sentimita ngapi?
— Hatua ya 2.

Kaka_Mbeba: Nimebadili datum bado naangukia mbali sana.
— Mbali kiasi gani? Shiti ipi? Zoni (kipande cha gridi ya UTM) umeweka ngapi? Dodoma ni zoni 36, Arusha ni 37. Leta hizo kwanza, siwezi kubahatisha.

Binti_Jiografia: Samahani, mbona ramani ya darasani Greenland inalingana na Afrika?
— Swali zuri sana dada. Hiyo ni ya Mercator, 1569, aliwatengenezea mabaharia, ukichora mstari ulionyooka unaufuata kwa dira bila kubadili pembe. Gharama yake ni kwamba ukisogea kuelekea ncha za dunia kila kitu kinavimba. Afrika ni kama mara 14 ya Greenland. Tafuta ramani ya dunia inayotunza eneo uziweke pamoja, utashangaa na Ulaya pia.

Binti_Jiografia: Asante kaka. Na nikitoa fotokopi ndogo ya shiti?
— Ile 1:50,000 inakufa, tumia skeli ya mstari iliyochorwa chini, yenyewe inapungua pamoja na ramani. Usiikate kwenye kopi.