Zawadi ya gavana ikipitia mkononi mwa mkewe: namna ya kuifuatilia

Anayetaka kumhonga gavana wa jimbo huko Marekani hana haja ya kumpelekea bahasha ofisini. Anaweza kumnunulia mke wa gavana nguo, akalipia karamu ya harusi ya binti yao, au akaikopesha kampuni ndogo ya familia. Hadi mwaka 2013 sheria ya Virginia haikuweka kikomo cha zawadi kwa gavana. Ilimtaka tu aitaje kila iliyozidi dola 50 katika tamko lake la mwaka. Zawadi walizopewa watu wa familia yake hazikuhitaji kutajwa. Kwa hiyo fomu ya gavana Bob McDonnell ingeweza kuwa safi hata kama nyumba yake imejaa vitu vya mfanyabiashara mmoja. Kesi ya hongo iliyomkabili yeye na mkewe Maureen ndiyo darasa bora la kazi hii, na ndiyo tutakayoitumia hapa zaidi, kwa sababu karibu kila karatasi yake iliishia mezani mwa mahakama.

Anza na sheria ya mwaka husika, hata kabla ya kumwangalia gavana mwenyewe. Isome ukiwa na maswali manne. Nani anahesabiwa kuwa familia: mke pekee, watoto wanaomtegemea, au pia mchumba, dada na mkwe? Zawadi ya thamani gani inatakiwa kutajwa, na ipi imekatazwa kabisa? Je, mkopo unahesabiwa kama zawadi? Na hesabu inafungwa tarehe ngapi? Swali la mwisho hupuuzwa, nalo ndilo lenye mavuno. Maureen McDonnell alinunua hisa za Star Scientific, kampuni ya mfanyabiashara aliyekuwa akiwapa zawadi, katikati ya mwaka 2011, akaziuza Desemba kabla hesabu ya mwaka haijafungwa, kisha Januari 2012 akanunua tena. Ukiishika fomu peke yake, hisa hizo huzioni. Ukiweka taarifa za dalali wa hisa kando ya tarehe ya kufunga hesabu, unaziona mara moja. Usitumie sheria ya leo kupima tendo la jana: Januari 2014 gavana aliyefuata, Terry McAuliffe, aliweka kikomo cha dola 100 kwa amri yake, na baadaye bunge la Virginia likapitisha sheria yenye kiwango hicho inayogusa pia watu wa karibu wa familia. Hayo hayakuwepo McDonnell alipokuwa madarakani.

Baada ya hapo tengeneza jedwali moja. Narudia, moja. Kosa kubwa la wanaoanza ni kufungua jedwali la gavana na jedwali la mkewe, kila moja na tarehe zake, na hapo ndipo uhusiano wa zawadi na kazi ya serikali unapopotea. Safu ziwe saba: tarehe na saa; aliyetoa; mkono uliopokea; thamani na njia ya malipo; mtoaji alikuwa anataka nini serikalini wiki hiyo; ofisi ya gavana ilifanya nini; na karatasi inayothibitisha. Safu ya saba ikiwa tupu, mstari huo bado ni tetesi, uuandike kwa rangi nyingine.

Tazama mistari michache ya Virginia ilivyo. Mtoaji ni Jonnie Williams, mkuu wa Star Scientific, aliyekuwa akitafuta vyuo vikuu vya umma vya jimbo vifanye utafiti juu ya Anatabloc, kirutubisho chenye kemikali inayopatikana kwenye tumbaku. Aprili 2011, New York: nguo za wabunifu za kiasi cha dola 20,000, mkono uliopokea ni wa mke. Mei 2011: mkopo wa dola 50,000 na hundi ya dola 15,000 ya harusi ya binti, aliyeomba ni mke. Mwisho wa Julai: familia yapumzika kwenye nyumba ya Williams kando ya ziwa, gavana aendesha Ferrari ya Williams. Mara baada ya hapo gavana amwagiza waziri wake wa afya atume msaidizi kwenye mkutano wa Williams na mke wa gavana. Siku zile zile mke aiona saa ya Rolex mkononi mwa Williams na kusema angependa mumewe awe na moja kama hiyo. Mwisho wa Agosti: chakula cha mchana katika ikulu ya jimbo kuizindua Anatabloc, watafiti wa vyuo wakiwa wamealikwa. Mkopo, nguo, saa na mengineyo vilipita jumla ya dola 175,000.

Sasa angalia kwa nini tunaandika saa na si tarehe tu. Tarehe 16 Februari 2012 gavana alimwandikia Williams barua pepe kuulizia karatasi za mkopo mwingine. Dakika sita baadaye alimwandikia msaidizi wake kwamba aje waongee kuhusu masuala ya Anatabloc katika vyuo viwili vya jimbo. Kwenye jedwali la tarehe tupu, hizo ni barua mbili za siku moja. Kwenye jedwali lenye saa, ni dakika sita, na waendesha mashtaka walizishikilia.

Karatasi zinapatikana wapi? Za kesi iliyokwisha ndizo rahisi. Mfumo wa mahakama za shirikisho uitwao PACER hutoza senti 10 kwa ukurasa, mwisho dola 3 kwa hati moja, na ukitumia dola 30 au pungufu katika robo ya mwaka hulipi kitu. Anza na hati ya mashtaka, kisha orodha ya vielelezo. Hukumu iache mwisho. Umiliki wa nyumba uko kwa karani wa mahakama ya eneo ilipo nyumba. Makampuni yako kwenye daftari la jimbo, na hapo tafuta majina ya ndugu pia: sehemu ya mikopo ya Williams ilikwenda kwa MoBo Realty, kampuni ya gavana na dada yake iliyomiliki nyumba za kupangisha Virginia Beach.

Kwa nyaraka za ofisi, tumia sheria ya uhuru wa habari ya jimbo, ukijua mitego yake. Virginia hulazimika kuwajibu tu raia wa Virginia na vyombo vya habari vinavyosambaa au kutangaza humo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali ubaguzi huo mwaka 2013. Ukiwa nje, tafuta mwenyeji atume kwa jina lake. Ofisi ina siku 5 za kazi kujibu, na inaweza kujiongezea 7. Ombi lisiseme "mawasiliano yote ya gavana kuhusu kampuni fulani". Litarudi na gharama kubwa au halitarudi na kitu, kwa kuwa karatasi za kazi za gavana zina kinga pana. Omba kidogo kidogo: ratiba ya mke wa gavana kwa miezi mitatu iliyotajwa; orodha ya walioalikwa kwenye shughuli ya tarehe fulani ikuluni; ankara za chakula cha shughuli hiyo na jina la aliyelipa; barua pepe za wafanyakazi wa ofisi ya mke, maana hao hulipwa na jimbo. Taja anwani binafsi za barua pepe zilizotumika kwa kazi za serikali. Oregon, siku chache kabla gavana John Kitzhaber hajatangaza kujiuzulu Februari 2015, ofisi yake iliomba barua za akaunti yake binafsi zifutwe kwenye kompyuta za jimbo. Wahusika wa kompyuta walikataa, na zikabaki. Kwa hiyo omba mapema, na uombe pia zihifadhiwe.

Usiwasahau watu wa jikoni. Hundi ya harusi ya Virginia ilijulikana kupitia mpishi wa ikulu, aliyekuwa naye akichunguzwa kuhusu vyakula vya ikulu. Shahidi wa namna hiyo ana lake jambo, lakini hundi aliyoionyesha ni hundi. Chukua karatasi, maneno yapime.

Kisha rudi kwenye safu ya sita na uigawe mara mbili: kufungua mlango, na kuamua. Hapa ndipo kesi ya McDonnell ilipovunjika. Septemba 2014 baraza la raia (juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua kesi) lilimtia gavana hatiani kwa makosa 11. Tarehe 27 Juni 2016 Mahakama ya Juu, majaji 8 kwa 0, ikaifuta hukumu hiyo. Ilisema kupanga mkutano, kuandaa shughuli au kumpigia simu ofisa mwingine si tendo rasmi kwa yenyewe. Lazima kuwe na jambo mahususi lililo mbele ya serikali, na gavana awe ameliamua, au amekubali kuliamua, au amemshinikiza au kumshauri mwenye kuliamua. Chakula cha mchana ikuluni kiko upande wa kufungua mlango. Kusaini mkataba, kuteua mtu, kuingiza fungu kwenye bajeti, kumkalia kooni ofisa mpaka asaini: hayo ni kuamua. Ukiona safu ya kuamua ni tupu, unaweza bado kuandika habari nzito ya maadili, ila usiiite hongo iliyothibitishwa.

Tarehe ya ahadi nayo ina uzito wake. Mwaka 2024, katika kesi ya Snyder, aliyekuwa meya wa mji mmoja wa Indiana, Mahakama ya Juu ilisema sheria moja ya shirikisho inayogusa maofisa wa majimbo na miji haikamati shukrani inayotolewa baada ya tendo bila makubaliano ya awali. Tafuta nipe nikupe ilipoanza, hata kama pesa zilikuja miezi baadaye.

Swali gumu linakuja mwishoni: mume alijua? Mke wa gavana si mtumishi wa umma, kwa hiyo akipokea peke yake bila mumewe kujua, hongo haijakamilika. Wakila njama pamoja, wote wawili wanashtakiwa. Utetezi wa Virginia ulikuwa kwamba ndoa ilikuwa imekufa, hawasemezani, wangekulaje njama? Barua za ndani za ndoa zikasomwa mahakamani. Baraza halikukubali. Sisi tunaamini mwandishi hana kazi chumbani kwa watu. Hali ya mapenzi haithibitishi chochote upande wowote. Wanandoa waliokasirikiana bado wana deni la kadi moja na nyumba moja ya mkopo. Fuata vinavyoonekana: deni lililolipwa lilikuwa la nani, pesa ziliingia akaunti ya nani, nani alisaini fomu ya benki, kitu kilivaliwa na nani. Ile Rolex, ya kiasi cha dola 6,500, ilikuwa imechorwa nyuma maneno ya kumtaja gavana wa 71 wa Virginia. Williams alisema alimpigia gavana simu kabla ya kutoa pesa za Mei. Kumbuka alitoa ushahidi akiwa amepewa kinga ya kutoshtakiwa, kwa hiyo neno lake litafutie mwenzake: rekodi ya simu, barua ya asante, hundi. Na usitegemee mmoja wa wanandoa atamtaja mwenzake kortini. Katika kesi za jinai za shirikisho, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Trammel wa 1980, mwenza anayeitwa kuwa shahidi ndiye anayechagua kusema au kukataa.

Ajira ya mwenza ina kipimo chake. Cylvia Hayes, mchumba wa Kitzhaber, alilipwa kama mshauri wa mambo ya nishati huku akimshauri gavana kuhusu mambo hayo hayo. Illinois, mashtaka ya gavana Rod Blagojevich ya Desemba 2008 yalisema alitaka mkewe apewe viti vya kulipwa kwenye bodi za makampuni. Uliza: alikuwa akifanya kazi hiyo kabla ya mumewe kushika wadhifa? Mteja ana shauri serikalini? Ripoti au kazi iliyolipiwa ipo, unaweza kuishika? Bei ililingana na wanayolipwa wengine? Majibu mawili mabaya yanatosha kukupeleka kwenye ratiba ya gavana.

Ukifika kuandika, taja kila mtu alipoishia. McDonnell alipewa kifungo cha miaka miwili, mkewe mwaka mmoja na siku moja. Hukumu ya gavana ilifutwa, na Septemba 2016 waendesha mashtaka wakaacha kesi za wote wawili. Kitzhaber na Hayes hawakushtakiwa na serikali ya shirikisho; tume ya maadili ya Oregon ndiyo iliyowatoza faini. Mke wa Blagojevich hakushtakiwa kabisa. Sentensi hizi ziwe kwenye aya za mwanzo za makala yako, na kabla ya kuchapa mtumie mwenza maswali yake mwenyewe, kwa anwani yake, si kupitia msemaji wa gavana.