Nafasi ipo, Ubuntu inaikataa: dawa ya diski yenye patisheni nne

Mwalimu mmoja wa skuli ya huku Chake Chake kaniletea laptopu yake ya mtumba, diski ya GB 500. Anataka Windows ibaki kwa mitihani anayoiandika, na Ubuntu (aina moja ya Linux) ikae pembeni ya kusomeshea. C, sehemu ya diski inayokaa Windows, alishaipunguza, akapata GB 120 tupu. Lakini kila akifika kwenye kusakinisha, nafasi ile imeandikwa "unusable", yaani haitumiki. Akadhani diski imekufa.

Diski haikufa, ni nzima. Mashine nyingi za zamani hugawa diski kwa mtindo wa MBR, na MBR haipokei zaidi ya patisheni kuu nne, yaani vipande vinne vya diski. Kwenye Windows fungua `diskmgmt.msc`, inayoonyesha patisheni, uhesabu. Yake ilikuwa na SYSTEM, C, RECOVERY na TOOLS. Zimeshatimia, hata ukiachia GB 300, ya tano haiingii.

Hapa nakuombeni msifanye pupa. Ukilazimisha ya tano ndani ya Windows, utaulizwa kama diski igeuzwe iwe "dynamic". Kataa. Niliwahi kukubali kwenye mashine ya mteja. Ubuntu haikusakinishika, na kuirudisha diski ilipokuwa ilinibidi niifute yote. Picha za harusi ya mwanawe zilipona kwa sababu nilizinakili kabla. Tangu siku ile siigusi diski ya mtu bila ya kunakili kwanza.

Basi nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Betri ijae, maana umeme ukikatika C ikiwa katikati ya kupunguzwa, unaweza kupoteza kila kitu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika `powercfg /h off`, kisha zima. Amri hiyo huizuia Windows isilale nusu, maana iliyolala nusu huiachia Linux C iliyofungwa.

Sasa futa patisheni moja katika zile nne. Mimi nilifuta TOOLS: ni ndogo, ina zana za kupimia mashine tu, na yaliyomo niliyanakili. SYSTEM usiiguse abadani, ndiyo inayoiwasha Windows.

Washa flashi ya Ubuntu kwa njia ya Legacy (uwashaji wa mtindo wa zamani), kama Windows yenyewe inavyowaka. Ingia kwenye Ubuntu ya kujaribia, fungua GParted, programu ya kugawia diski, na zile GB 120 zote zifanye patisheni ya aina ya Extended. Hiyo ni mfano wa ua: kwenye hesabu ya MBR ni moja, lakini ndani unajenga vyumba kadhaa. Wala GB 120 hazihitaji kupakana na pale ilipokuwa TOOLS. Tulichokitafuta ni nambari moja iachwe wazi kwenye jedwali.

Kwenye kusakinisha chagua kugawa diski mwenyewe. Ndani ya ua weka patisheni ya ext4 (muundo wa mafaili wa Linux), mahali pake `/`, yaani makao ya Ubuntu yenyewe. Kiwashio cha GRUB, chenye menyu ya kuchagua Windows au Ubuntu, kiende `/dev/sda` (diski yenyewe), si `/dev/sda1` (patisheni ya kwanza).

Windows isipoonekana kwenye menyu, ongeza `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` ndani ya `/etc/default/grub`, kisha `sudo update-grub`.

Siku ya pili mwalimu akanipigia: saa ya Windows imerudi nyuma kwa saa tatu, na programu yake ya adhana imevurugika. Linux huhifadhi kwenye mashine saa ya UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu), Windows huisoma kama ya hapa. Nikamwambia aingie Ubuntu aandike `timedatectl set-local-rtc 1`, ili Linux nayo ihifadhi saa ya hapa. Magharibi ikaadhiniwa kwa wakati wake.